Sabuni ya Safari ya Mama Mukubwa

Majivu ya maganda ya ndizi yana harufu yake, na haifanani na ya majivu ya kuni. Ukiyamwagia maji, hutoa kitu kikali kinachopanda puani, halafu nyuma yake hufuata utamu kidogo wa tunda lililosahauliwa kapuni. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikipita nyuma ya soko la Kasuku, mtaa wa Kindu nilikokulia, na samaki wangu, nikaikuta harufu hiyo njiani. Katika ua wa shule moja wasichana walikuwa wamemzunguka mwalimu mwenye miwani na daftari, anawafundisha kutengeneza sabuni ya asili. Hivyo ndivyo inavyoitwa siku hizi. Sisi tuliiita sabuni ya majivu, na tuliionea haya.

Nilisimama pale mpaka samaki wangu wakaanza kunuka. Msichana mmoja akaniona, akanikaribisha: "Ingia, mama, utajifunza na weye." Nikamwambia aksanti, mimi nilifundishwa zamani. Sikumwambia nilifundishwa na nani, wala nilimtendea nini mwalimu wangu. Ninyi nitawaambieni. Nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka arobaini, na watu ambao wangeweza kunisuta karibu wote wamekwisha kutangulia.

Aliyenifundisha ni Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu. Mama alikuwa amemfuata baba huko Kalima, kwenye kambi ya machimbo, pamoja na wadogo zangu wawili. Mimi niliachwa Kindu kwa sababu ya shule, na kwa sababu Mama Mukubwa hakujaliwa mtoto. Kwetu hilo si jambo la kuulizwa mara mbili, mwenye watoto humgawia asiye nao. Jina lake aliitwa Zaina. Alikuwa mjane mrefu, mkavu wa mwili, mwenye maneno machache na pua isiyodanganyika. Angeweza kunusa kikwembe chako ulichojifunga asubuhi akakuambia jana ulipita kwa nani na huko walikuwa wanakaanga nini. Nilipokuwa mdogo niliamini anaweza kunusa uongo pia, na kwa hiyo nilijizoeza kusema uongo nikiwa nimesimama upande ambao upepo hauelekei kwake.

Miaka hiyo ilikuwa ya Zaire, na sabuni ilikuwa shida. Kwanza maduka ya Wagiriki na wageni wengine yaligawiwa wenyeji waliokuwa karibu na wakubwa, nasi tukashangilia. Baadaye rafu zikaanza kuonyesha mbao zake. Ukiingia dukani ulikuta betri mbili tatu, pakiti ya biskuti, picha ya Rais ukutani, na mwenye duka mpya anasinzia chini yake. Sukari iliondoka, chumvi ikawa ya kubahatisha, na sabuni ya duka ikawa kitu cha kuhadithiana. Ndipo Kasuku nzima, Waislamu kwa Wakristo, ilipoijua njia ya kuja kwetu.

Kazi ilianza kwa kuokota, na mwokotaji nilikuwa mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba na kikapu nikikusanya maganda ya ndizi. Nilikwenda pia kwa wakamuaji wa mawese kuomba mikungu mitupu iliyokwisha kupokonywa ngazi, yaani yale matunda mekundu ya mchikichi. Vyote tulivianika, tukavichoma polepole, kila aina peke yake, maana Mama Mukubwa alisema majivu ya kuchanganya hayana ukoo. Majivu yakipoa tuliyashindilia katika mtungi uliotobolewa chini, juu ya nyasi kavu, tukayamwagia maji ya mvua na kungoja. Matone yalianguka kwenye sufuria yakiwa na rangi ya chai. Hayo ndiyo maji makali. Aliyapima kwa unyoya wa kuku, na unyoya ukitoka umeliwa ukabaki kijiti, alitikisa kichwa kuridhika.

Kisha mawese yalichemshwa ndani ya nusu ya pipa hadi wekundu wake ukapungua, maji makali yakamiminwa kidogo kidogo, na mwiko ukaanza kuzunguka. Haukusimama mpaka uji ule ushike uzito. Sheria ya pipa ilikuwa moja: mtu asilikaribie akiwa na kinyongo. Jirani aliyekuja na ugomvi wake alionyeshwa gogo nje ya ua, aukalie kwanza huko. Mama Mukubwa aliamini kabisa kwamba sabuni iliyopikwa kwa kinyongo hutengana, mafuta yakaenda juu na maji chini. Tangu hapo nimeiona ikitengana hata pasipo ugomvi wowote, lakini nisingethubutu kumwambia.

Ilitoka laini, ya rangi ya kahawia, na madoa ya majivu ndani yake. Tuliiviringa madonge, naye alilibonyeza kila donge kwa kidole gumba cha kushoto, likabaki shimo dogo. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake, na watu sokoni waliitafuta kabla ya kununua. Nyumbani hatukukosa kitu cha kusafishia. Sufuria tulizisugua kwa majivu na mchanga wa mto, harufu ya samaki tuliitoa kwa ndimu, na nguo nyeupe tulizifikicha kwa majani ya mpapai. Wageni waliingia kwetu wakasema nyumba ya Zaina inanukia usafi. Mimi niliona inanukia umaskini, na nilitamani sana kitu kimoja chenye harufu ya dukani.

Kitu hicho kilikuwamo ndani ya nyumba. Chini ya kitanda cha Mama Mukubwa palikuwa na sanduku la bati, na ndani yake vitu vyake vya safari. Wanawake wengi wa Kiislamu pale mtaani walikuwa na sanduku la namna hiyo. Mtu hujiandalia sanda yake, pamba, kafuri na chupa ndogo ya uturi, ili siku yake ikifika asiwahangaishe walio hai. Halikuwa na kufuli. Nani aibe sanda ya mtu? Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, alivitoa vitu hivyo vyote akavianika mkekani, tena kwa uchangamfu, huku akinituma nifukuze kuku. Katikati ya vitu hivyo palikuwa na kipande kimoja cha sabuni ya duka, ndani ya karatasi yake yenye picha ya ua, alichokinunua kwa Mgiriki kabla hajaondoka. Aliniruhusu kukinusa mara mbili, pua ya kulia na pua ya kushoto, kisha akakirudisha.

Sababu yake alinieleza siku moja tulipokuwa tunaanika. Bibi yangu, mama yao, alifariki ghafla huko kijijini Tunda wakati nyumba haikuwa na sabuni nyingine ila ya juzi. Sabuni ya majivu ni lazima ipumzike mwezi na zaidi ndipo ukali uishe. Ikiwa changa, inauma. Walimwoshea hiyohiyo, na ngozi ya shavu na ya mikono ikabadilika rangi mbele ya macho ya binti yake. Na sabuni ile alikuwa ameipika binti mwenyewe, huyu Mama Mukubwa.

"Miye nafulia Kindu yote na majivu," alisema akikunja karatasi ile. "Lakini siku yangu, wanioshe na sabuni ya duka. Siombe kitu ingine."

Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, na nililielewa. Msije mkasema baadaye kwamba nilikuwa mtoto sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka ule ilitangazwa kwamba mkubwa mmoja wa Chama, chama cha Rais, atafika kutoka Kinshasa, na shule yetu ikachaguliwa kumpokea kwa animasyo, zile nyimbo na ngoma za kusifu Chama ambazo tulizijua kuliko hesabu. Mimi nilikuwa na kiuno, nawaambieni bila haya, na mwalimu akaniweka mstari wa mbele. Walimu wetu tuliwaita Sitwayen, kama sheria ilivyotaka watu wote waitwe raia, na Sitwayen wetu alikuwa mtu wa kukagua. Siku nne kabla ya sherehe alipita mbele yetu na fimbo yake, akaisimamisha kwenye kola ya blauzi yangu.

"Hii ni nyeupe?" akauliza darasa.

Darasa likajibu kwa wimbo: "Hapana, Sitwayen."

"Njo rangi gani?"

"Mawese, Sitwayen."

Walicheka hadi wakagonga madawati. Akasema nikirudi na rangi ile siku ya sherehe nitacheza nyuma kabisa, pamoja na wasiojua kucheza. Nilitembea kwenda nyumbani nimekumbatia daftari kifuani ili nifunike blauzi. Mama Mukubwa aliifikicha kwa majani ya mpapai jioni ile, na kesho yake tena, kwa ndimu na jua. Iling'aa kidogo, lakini kivuli cha mawese kilibaki pale kwenye kola. Aliniambia kwa mbali haitaonekana. Nikanuna.

Siku iliyofuata alikwenda kutafuta mikungu mitupu kwa wakamuaji. Niliingia chumbani kwake, nikavuta sanduku. Nia yangu ilikuwa kuchukua kidogo tu, kukwangua pembeni na kurudisha, naye asingetambua. Nikaona kukwangua kutaacha alama. Basi nikakichukua kizima, nikakifunga kwenye blauzi, karatasi nikaiacha chini ya mto wangu wa kulalia, nikateremka mtoni. Sikukaa na wanawake waliokuwa wanafua. Nilikwenda nyuma ya mitumbwi iliyoleta samaki kutoka Lokandu, mahali ambapo hakuna aliyenijua. Nilipoilowesha sabuni ile povu lake lilitoka jeupe, jingi, na ile harufu ikanijia usoni. Nilisahau kola. Nilijipaka mikono, nikajipaka shingo, nikainusa mikono yangu. Nilipoikamata tena kumalizia mkono wa blauzi, ikateleza.

Lualaba pale ni mto wa rangi ya chai ya maziwa. Kitu kikizama kiasi cha shibiri moja tu hukioni tena. Niliingia hadi kifuani, nikapapasa tope, nikatoa mawe, nikatoa kigae, nikatoa gamba la konokono. Nilipapasa mpaka wenye mitumbwi wakaniuliza nimepoteza nini. Nikawaambia hereni.

Nililia njiani, lakini akili ya mwizi haingojei machozi yakauke. Nyumbani nilichagua donge moja la zamani lililokuwa limekaza, nikalikata kwa kisu pembe nne. Alama ya kidole chake niliikata pamoja na kipande cha juu. Nikalifunga katika karatasi yenye ua, nikaliweka kati ya sanda na pamba, nikasukuma sanduku mahali pake. Kwa nje lilipendeza. Ndani ya karatasi palikuwa na kitu cha kahawia, kimepinda upande mmoja, chenye mikwaruzo ya kisu.

Aliporudi, blauzi ilikuwa kwenye kamba na imekauka. Aliianua yeye. Nilikuwa mlangoni nikichambua mchele, nikamwona anaikunja, anasita, anaisogeza usoni. Alikaa nayo hivyo muda wa pumzi mbili au tatu. Nilihesabu punje za mchele bila kuziona.

"Imetakata," alisema, akanipa.

Nilidhani amenisifu. Nilidhani pia ile pua kumbe inazeeka, nikamshukuru Mungu.

Sherehe yenyewe nitaimaliza kwa maneno machache, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulisimama kiwanjani tangu asubuhi, mimi mstari wa mbele, mweupe mpaka kola. Tuliimba, tukapumzika, tukaimba. Jua likapita utosini. Mkubwa hakuja. Ilisemekana ndege imepata tatizo, wengine wakasema amekwenda mji mwingine, na Sitwayen akatuamuru tucheze mara moja tena mbele ya viti vitupu ili kazi isipotee. Mama Mukubwa alikuwa amesimama kati ya wanawake, na chupa ya maji kwa ajili yangu. Alipiga makofi hadi mwisho. Nilirudi nyumbani nimejaa vumbi jekundu, na blauzi ikafuliwa kwa majivu kama kawaida.

Baada ya hapo Mama Mukubwa akaanza kazi mpya. Kila alasiri alikaa uani na jiwe kubwa mbele yake na jiwe dogo mkononi, akipasua kokwa za ngazi, moja moja, kutoa kiini chake cheupe. Kokwa hizo hutupwa baada ya kukamua mawese, maana ni ngumu, na kazi ya siku nzima haijazi bakuli. Nilipomuuliza, alisema ni mafuta ya ngozi, kwa ajili ya watoto wachanga. Nilikaa karibu naye nikifanya kazi za shule, nikisikia ko, ko, ko, na mara nyingine jiwe likikosea na kumpata kidole.

Katikati ya kazi hiyo aliniuliza, bila kuinua macho: "Mutoto yangu, uko na neno ya kuniambia?"

"Hapana, Mama Mukubwa."

"Hata kidogo?"

"Hapana."

"Basi."

Ko, ko, ko. Kila siku chache zikipita aliuliza tena, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza kama kuku wamelala. Nami kila mara nilijibu hapana, macho kwenye daftari langu. Nilifikiri anauliza habari ya shule. Hapana, nisiwadanganye. Nilijua kuna kitu anauliza, nikaona nikinyamaza vya kutosha kitakwisha chenyewe.

Miezi hiyo pia tulikula vibaya. Sombe, yaani kisamvu, iliwekwa mezani haina chumvi, samaki hana chumvi, na wali haukuwa na ladha yoyote. Nilijua ya kwamba alikuwa na kikopo cha chumvi, aliletewa na mfanyabiashara mmoja kwa kubadilishana na sabuni. Nililalamika. Akasema chumvi imekwisha, tuvumilie. Nikanong'ona kwamba anatunza kila kitu ndani ya nyumba hii isipokuwa midomo yetu, na alisikia.

Mvua zilipoanza alishikwa na homa. Siku ya kwanza alisema ni uchovu. Siku ya pili nilimpelekea maji kitandani, akanishika mkono akaniangalia kwa muda mrefu, lakini hakuuliza tena. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, alifariki. Mama yangu alikuwa bado njiani kutoka Kalima.

Wanawake walikuja, na kati yao Bibi Mwajuma, mwosha maiti wa mtaa wetu, mzee mdogo mwenye mikono mikubwa. Nilipewa kazi ya kuleta maji mpaka mlangoni. Nilipofika na ndoo ya pili walikuwa wamelivuta sanduku, na nilijua kitakachofuata. Waliitoa sanda, wakaitoa kafuri. Bibi Mwajuma alishika ile karatasi yenye ua akasema, "Hii njo sabuni yake ya duka, alinionyeshaka." Akaifungua.

Niliitua ndoo mlangoni. Bibi Mwajuma akaigeuza mkononi, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa ya kahawia. Ilikuwa nyeupe, nyeupe ya ute wa yai lililochemshwa, ngumu, laini pande zote, na katikati yake palikuwa na shimo la kidole gumba.

"Hii haiko ya duka," alisema polepole. "Hii njo mukono yake. Angalieni kidole yake."

Wanawake wakasogea. Mmoja akaanza kulia, halafu wote. Wakasema Zaina ameikataa sabuni ya dunia, amekwenda kwa Mola wake na kazi ya mikono yake. Katika siku zote za matanga habari hiyo ilizunguka Kasuku, wakaisimulia kama mfano wa unyenyekevu. Wazee walinishika kichwa wakisema nina bahati, nimelelewa na mwanamke wa namna hiyo. Nilikubali mikono yao yote kichwani pangu.

Na mimi niliamini nini? Mtanicheka, lakini niliamini kwamba Mungu ameigeuza. Nilikuwa nimeifunga kahawia, ikatoka nyeupe. Nilidhani amenisitiri kwa muujiza, na hofu ya muujiza ule ikanifanya niswali kwa miaka mingi kuliko nilivyoswali kwa mapenzi.

Niliolewa Kibombo. Nilipopata mtoto wangu wa kwanza mama mkwe aliniambia ngozi ya mtoto haiwezi sabuni ya mawese, nitafute kokwa za ngazi, mafuta yake hutoa sabuni nyeupe na ya upole. Basi nikakaa chini na jiwe kubwa na jiwe dogo. Nilipasua majuma matatu, vidole vikavimba, kupata chupa moja ya mafuta. Nikachuja maji makali mara mbili, nikapika, lakini sabuni ikabaki kama uji. "Weka chumvi," akasema mama mkwe. "Bila chumvi haikazi." Nikauliza kiasi gani. Akamimina kikopo kizima, nami nikaona uchungu, maana chumvi ilikuwa bado ya shida. Sabuni ikajikusanya juu, nyeupe, ikaanza kukaza. Akasema niiache miezi miwili kabla ya kumgusisha mtu.

Siku nilipoifunua niliona weupe uleule wa ute wa yai. Niliketi chini jikoni na mtoto mgongoni, na mama mkwe akadhani nimepata kizunguzungu cha uzazi.

Pua yake haikuwa imezeeka. Alijua siku ileile, na blauzi ikiwa bado mkononi mwake. Lazima alilivuta sanduku, akafungua karatasi, akaona kile kitu changu cha kupinda chenye mikwaruzo ya kisu. Sabuni ile ya duka isingepatikana tena Kindu, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alijua pia kwamba siku yake ikifika, Bibi Mwajuma atafungua ile karatasi mbele ya wanawake wote, na ni mtoto mmoja tu katika nyumba ile atakayeulizwa. Wangenisuta mpaka leo, mtoto aliyeiba sabuni ya maiti. Kwa hiyo akakaa uani akapasua kokwa, akaninyima chumvi, akapika peke yake nikiwa shuleni, akaiacha ikomae kwa wakati. Akabonyeza kidole chake, ili wakiiona waseme ni yeye mwenyewe aliyetaka hivyo. Wakasema.

Mtaniambia: basi alikusamehe, tulia. Nami najua alinisamehe. Hilo silo linaloniamsha usiku. Huyu ni mwanamke aliyeomba kitu kimoja tu duniani, nikakitupa mtoni kwa ajili ya kola. Hakudai kirudi. Alikaa hatua mbili kutoka kwangu, alasiri baada ya alasiri, jiwe mkononi, akinitengenezea kifuniko cha aibu yangu, na kitu pekee alichokiomba badala yake kilikuwa neno langu. Nisingepigwa. Labda tungelia kidogo, kisha angenipa jiwe la pili nimsaidie kupasua.

Neno lenyewe ni fupi: Mama Mukubwa, sabuni yako nimeipoteza. Nimelisema kaburini kwake, nimelisema kwenye sala, nimelisema peke yangu nikipika wali. Yeye aliniuliza mara tano akiwa hai na ananisikia, na mara zote tano nilimjibu hapana.